Alicholipia Kavetsa

Kavetsa alinipa ruhusa ya kuandika haya kwa sharti moja: nisimfanye jasiri kuliko alivyokuwa. "Andika kwamba niliogopa, Mwalimu," aliniambia. "Liandike tangu mwanzo, mtu asije akakaa akingoja mahali nilipoacha kuogopa." Nimejitahidi kulitii sharti hilo, ingawa sina hakika kama mimi ndiye niliyefaa kupewa kazi hii. Msomaji ataona sababu.

Mwaka wa 1986 alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Maragoli, mjane mwenye binti mmoja aliyeitwa Esther, na opereta wa simu mjini Eldoret kwa mwaka wa kumi na moja. Tulikuwa majirani huko Yamumbi, tukitenganishwa na ua wa kayaba. Siku hizo simu za shule nyingi na za mashambani bado zilipitia mikononi mwa opereta. Kavetsa alikaa mbele ya ubao wenye matundu na taa ndogo ndogo, hedifoni kichwani; taa ikiwaka, alichomeka waya na kusema, "Namba, tafadhali?" Dakika tatu zikiisha, aliingia katikati ya mazungumzo na kumuuliza mteja kama anaongeza. Kuingia huko ndiko kulikomponza.

Alasiri moja ya mwezi wa Julai aliingia kwenye simu ya mwalimu mmoja wa upande wa Kaptagat, ambaye nitamwita Nicholas, aliyekuwa akiongea na kaka yake. Kabla hajatamka neno, alimsikia akisema, "Zile karatasi nimezifukia kwenye banda la kuku." Saa ya chai, Kavetsa, ambaye siku hizo alipenda mzaha, aliwaambia wenzake, "Kuna mwalimu huko msituni anafuga karatasi pamoja na kuku. Sijui zitataga lini!" Watu wanane waliokuwa chumbani walicheka. Siku ya tano Landrova ilifika kwa Nicholas. Wanaume walioshuka hawakuingia nyumbani kwanza. Walikwenda moja kwa moja kwenye banda la kuku wakiwa na majembe.

Ulikuwa mwaka wa vikaratasi. Mtu aliyekutwa na kijikaratasi kilichoisema serikali vibaya angeweza kutoonekana kwa majuma kadhaa, na familia yake isijue iulize mlango gani. Sote tulijifunza kuzungumza kuhusu mvua.

Kavetsa hakujua ni yupi kati ya wale wanane aliyeupeleka mzaha wake mbele. Hakujua hata kama ni mmoja wao. Huenda kaka mtu ndiye aliyeteleza ulimi. Huenda jirani aliuona udongo mbichi. Huko kutojua ndiko kulikomla. Mwezi wa Oktoba, taa ilipowaka mbele yake, koo lilimfunga. Lilimfunga kwa nukta chache tu, kisha likaachilia. Kufikia Februari mwaka uliofuata lilikuwa likimfunga mara nyingi kwa siku: taa inawaka, waya uko mkononi, mdomo uko wazi, sauti haitoki. Msimamizi wake, Johnstone, alimwandikia onyo, kisha la pili. La tatu lingekuwa barua ya kumwachisha kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa unga na karo ya Esther.

Daktari alimulika koo lake akaliona zima. Hakumwandikia dawa. Alimtajia kwa sauti ya chini Sista Warigia, aliyewahi kuwa muuguzi katika wadi ya wagonjwa wa akili, akaenda kusoma ng'ambo, na sasa aliwapokea watu katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, kwenye barabara ya kwenda Kapseret.

Jioni hiyo alinijia uani.

"Mwalimu, wewe umesoma chuo kikuu. Ni kweli kuna watu hulipa ili waongee?"

"Ni kweli kabisa, Mama Esther," nikasema, nikamweleza kwa nusu saa nzima jambo ambalo mimi mwenyewe nililisoma kwa muhula mmoja, tena kwa ajili ya mtihani. Alinisikiliza kwa heshima. Nilipomaliza, aliuliza swali moja.

"Na huyo anayesikiliza, yeye humwambia nani?"

"Hamwambii mtu."

"Unajuaje?"

Kavetsa akatazama huku na huku, akasema, "Basi na wewe usimwambie mtu. Hata Mama Wacera. Mke wako nampenda kama dada yangu, lakini yule ni redio."

Nilicheka, nikaapa. Ningali nakikumbuka kicheko kile.

Jumamosi ya kwanza alikwenda kwa miguu, saa tisa alasiri. Lango la Sista Warigia alilipita mara tatu. Ng'ambo ya barabara alikuwepo mwanamume aliyeketi juu ya mkebe wa maziwa uliofudikizwa, na Kavetsa alijiuliza ni mfugaji gani anayengoja lori la maziwa saa tisa, ilhali maziwa hubebwa asubuhi. Mara ya nne aliingia, si kwa kuwa woga ulipungua bali kwa kuwa kupita tena kungemfanya atiliwe shaka zaidi.

Alikuwa amejiandaa kwa sindano, au kuwekewa mikono na kuombewa, au kufungiwa. Alikuta viti viwili vya kawaida, meza ndogo, saa ya ukutani iliyowekwa mahali ambapo wote wawili wangeiona, na mlango wa pili uliofungukia shamba la mahindi, ili anayetoka asikutane na anayeingia. Sista Warigia alikuwa mama mnene wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alianza na mambo ya malipo, jambo lililomshangaza Kavetsa, kwani kwetu bei hutajwa mwisho, na kwa haya.

"Ni shilingi mia na ishirini kwa dakika hamsini," alisema. "Unalipa kabla hatujaanza, ili tukimaliza usitoke hapa ukifikiria pesa. Mshahara wako ni kiasi gani?"

Kavetsa alimtajia.

"Basi wewe utalipa themanini. Ukishindwa kuja, nijulishe siku moja kabla. Usiponijulisha, utalipa kama uliyekuja. Tutaonana mara sita, kisha tutaulizana kama inasaidia. Ukitaka kuacha, utaacha, na hutaniudhi. Sina sindano. Nikiona unahitaji vidonge, nitakutuma kwa daktari. Na nikuonye, Mama Esther: majuma ya kwanza huenda ukajisikia vibaya zaidi."

"Mimi huuza maneno ya watu dakika tatu tatu," Kavetsa alisema, "lakini bei kama hii sijaiona hata kwa simu ya Ulaya."

Sista Warigia alicheka mpaka miwani ikateleza. "Wewe unauza njia ya maneno kupita. Mimi nauza mahali pa maneno kukaa. Unalipia ninyamaze."

"Na wakija wakakuuliza?"

Hapo Sista Warigia hakuharakisha jibu. Kavetsa aliniambia kwamba kutoharakisha kule ndiko kulikomfanya arudi.

"Siwezi kukuahidi kwamba hawatakuja," alisema. "Ninaloweza kukuahidi ni kwamba hawatakuta karatasi yenye jina lako." Akafungua daftari lake, akamgeuzia. Palikuwa na tarehe, na kando ya kila tarehe mchoro mdogo: jani, kikombe, ufunguo. "Chagua wako. Na risiti sitoi, isipokuwa uitake."

"Siitaki!" alisema Kavetsa, kwa sauti kubwa kuliko zote alizotoa mwezi huo. Akachagua kikombe.

Siku hiyo hakusema lolote la maana. Alisema habari za bei ya unga na viatu vya Esther, huku macho yakiwa kwenye mlango. Mshale wa saa ulipofika dakika ya hamsini, yeye mwenyewe alitamka kwa mazoea, "Muda umekwisha. Unaongeza?" Jumamosi ya pili alizungumza kuhusu mvua. Ya tatu alitamka neno "kuku" akaishia hapo, na Sista Warigia hakumwuliza kuku gani. Jumamosi ya nne alilisema lote: simu, mzaha, wale wanane, majembe.

Alitoka kwa mlango wa mahindini akiwa amelowa jasho, na kwa siku tano zilizofuata aliishi kama mtu aliyehukumiwa. Alihesabu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Esther alipodondosha sufuria jikoni, mama yake alijikuta amesimama nyuma ya mlango. Siku ya tano gari lilisimama barabarani, na Kavetsa akavaa sweta mbili, kwa kuwa alisikia kwamba sakafu za seli huwa na baridi. Lilikuwa la fundi bomba, lililoharibika. Siku ya sita taa ziliwaka ubaoni, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba alizijibu saba kati ya kumi bila kukwama.

Haya yote sikuyajua wakati huo. Nilichokijua ni kile nilichokiona juu ya ua: kwamba nyama haikupikwa tena kwa jirani yangu, kwamba redio yake imeuzwa, kwamba Esther anakwenda shule na viatu vilivyokatwa mbele ili vidole vipumue. Nilimhurumia. Ninalisema hili si kwa kujitetea. Huruma yangu ndiyo iliyofanya madhara.

Mwezi wa Mei kamati ya ustawi ya kanisa letu ilikutana, tukiwa watu tisa. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kiarie, mwenye duka, mtu mkarimu ambaye hakujua kusema jambo kwa sauti ndogo. Aliuliza kama kuna mwenye shida miongoni mwetu. Nikasema, "Mama Esther anatibiwa. Ni ghali."

"Anatibiwa nini?"

Nilikuwa nimeapa. Nikadhani kwamba nikitaja nusu tu, kiapo kingesalia na nusu yake. "Koo," nikasema.

"Koo!" Mzee Kiarie akapiga meza. "Na sauti yote ile ya kwaya! Mtu wetu afe na sisi tuko na mabega? Harambee!"

Ningeweza kupinga. Niliogopa kuulizwa kwa nini. Badala yake, kwa kuwa nilikuwa na shahada na mwandiko mzuri, nilipewa kazi ya kuandika ombi la kibali cha mkutano, na siku zile kibali kilihitaji kusema watu wanakusanyika kwa ajili gani. Niliandika: matibabu maalumu ya koo. Kadi thelathini zikapigwa chapa kwa maneno hayohayo, jina lake likiwa juu kwa herufi kubwa.

Kavetsa aliiona ya kwanza mezani kwa Johnstone, kazini.

"Kumbe ni koo!" Johnstone alimwambia. "Mama Esther, si ungesema tu?"

Jioni alisimama uani. Hakupaza sauti. "Ulimwambia nani, Mwalimu?"

"Kamati tu."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tisa."

"Wangu walikuwa wanane," alisema, akaingia ndani. Sikuelewa. Miaka ilipita kabla sijaelewa.

Kuivunja harambee hakukuwezekana. Kibali kilikuwa kimekwisha kutolewa, na mkutano ulioombewa kibali kisha ukafutwa ungezua maswali mengi kuliko uliofanyika. Kwa hiyo Jumapili ya mwisho ya Juni, baada ya ibada, tulijaa ukumbini. Naibu wa chifu alikuwa mgeni wa heshima, fimbo yake juu ya magoti. Johnstone alikuwa safu ya pili. Kavetsa aliketishwa mbele, kitambaa cheupe shingoni, ambacho akina mama walimfunga kwa upendo, kwa ajili ya lile koo.

Watu walichanga kwa vigelegele. Kisha ukaja mnada, kama ilivyo desturi: maboga, kreti ya soda, na mwishowe jogoo mwekundu, miguu imefungwa. Mzee Kiarie alimwinua juu ya kichwa cha Kavetsa. "Jogoo huyu hana ugonjwa wa koo! Mnasikia? Nani ananipa thelathini?" Jogoo akapiga mbawa, unyoya ukamwangukia Kavetsa mapajani. Nilimwona akiutazama kana kwamba ni kaa la moto, na nikadhani anaumwa.

Naibu wa chifu alisimama. Alisifu umoja wetu, akasifu uongozi wa nchi, kisha akaiinua ile kadi.

"Lakini mwenye kuchanga ana haki ya kujua. Koo lina nini? Hospitali gani? Kadi haisemi. Mama, simama utusalimie, utueleze."

Kavetsa alisimama. Mdomo wake ulifunguka, na hakuna kilichotoka. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na sita. Mtoto alilia nyuma akanyamazishwa. Niliona mkono wake wa kulia ukisogea hewani polepole, vidole vimeshikana, kana kwamba unachomeka kitu mahali pake.

"Koo langu ni zima, Chifu," alisema. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliye mbali. "Ni woga. Nikiogopa, linafunga. Kuna mtu ninayemlipa anisikilize."

Ukumbi ulivuma. Mzee Kiarie, akimwogopea, alijaribu kumwokoa kwa njia aliyoijua. "Kulipa masikio! Mama Esther, ungeniambia mimi! Ninayo mawili hapa, na mke wangu, Mama Kabiru, anasema hayajawahi kutumika!"

Watu walicheka kwa nguvu, kama watu wanaotaka jambo liishie hapo. Naibu wa chifu hakucheka. Alingoja kicheko kiishe.

"Unaogopa nini, Mama?"

Sijui kama msomaji aliyezaliwa baadaye anaweza kuuelewa ukimya uliofuata. Hakuna mtu mzima ukumbini ambaye hakuwa na jibu lake mwenyewe, na kila mmoja alitazama viatu vyake ili jibu hilo lisionekane usoni.

"Hilo nimelilipia, Chifu," Kavetsa alisema. "Shilingi themanini, kila Jumamosi. Ni la chumba kile."

"Hata serikali haiwezi kuambiwa?"

Alitaka kujibu, aliniambia kwamba alitaka. Koo lilikuwa limefunga tena. Akatikisa kichwa, akaketi.

Naibu wa chifu alimtazama kwa muda mrefu. Alitoa kijitabu mfukoni, akaandika kitu kifupi, akakirudisha. Kisha akatoa noti ya shilingi mia, akaiweka kwenye sinia, akasema, "Pole, Mama." Mpaka leo hakuna anayejua aliandika nini, wala kama ile pole ilikuwa pole.

Baadaye Mzee Kiarie alimletea bahasha. "Ila watu wangependa ripoti, Mama. Si kwa ubaya. Unajua mtu akichanga huuliza mgonjwa anaendeleaje."

Kavetsa aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanijia uani akanikabidhi. "Rudisha. Wakilipa wote, chumba kitakuwa cha wote."

Nilirudisha kwa majuma matatu, nyumba kwa nyumba, na hiyo ndiyo adhabu niliyostahili. Wengine walikasirika, wakasema amejiona. Noti ya naibu wa chifu nilikwenda nayo hadi mlangoni mwa ofisi yake mara mbili, na mara mbili miguu yangu ikanirudisha. Niliitia katika sadaka.

Jumatatu ile baada ya harambee Kavetsa alikwenda kazini akiingoja barua. Johnstone alimwita kando, akafunga mlango.

"Taa ikikushinda," alisema, bila kumtazama, "inua mkono tu. Murunga wa ubao wa jirani atakuchukulia. Onyo la tatu sitaandika."

"Asante, Bwana Johnstone."

"Na yale ya chumba kile," akasema, akazipanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari, "huwa mnataja watu?"

Johnstone alikuwa mmoja wa wale wanane. Kavetsa alisema hawataji. Akarudi kwenye ubao wake bila kujua kama amehurumiwa au ameogopwa, na kama alikuwa ameketi na mtu aliyemfikisha Nicholas mikononi mwa wale wa Landrova au na mwingine aliyekuwa akihesabu siku kama yeye. Hakuwahi kujua. Nicholas alirudi baada ya miaka miwili, amekonda. Kavetsa alimwona mara moja sokoni, akaacha sukuma wiki zake mezani na kuondoka.

Jumamosi iliyofuata nilimwona akifungua lango lake. Nilimwomba anikubalie nimfuate kwa mbali, hadi anakokwenda, iwapo kungekuwa na mtu anayemfuatilia. Alinitazama bila chuki.

"Nikimwona mtu nyuma yangu, Mwalimu, nitajuaje kwamba ni wewe?"

Akaenda peke yake. Mwanamume wa mkebe wa maziwa hakuwepo, na kutokuwepo kwake kulimtisha zaidi. Alilipita lango mara mbili. Alipobisha, hakuna aliyeitika, na papo hapo akawaza kwamba wamekwisha kuja, kwamba daftari limechukuliwa, kwamba kikombe kidogo kilichochorwa kando ya tarehe kiko mezani mahali fulani na mtu anauliza ni cha nani. Alikuwa amekwisha kugeuka mlango ulipofunguka.

"Umechelewa dakika nne," Sista Warigia alisema.

Aliweka themanini mezani, akaketi, akatazama saa.

"Nimeulizwa mbele ya watu ninaogopa nini," alisema.

"Ukajibu nini?"

"Nilisema nimelilipia."

Sista Warigia alinyamaza, kama alivyolipwa kufanya. Nje, upepo ulikuwa ukiyasugua mahindi, na ungeweza kudhani ni mtu anayepita. Kavetsa alisikiliza mpaka akawa na hakika kwamba ni upepo, au karibu na hakika. Kisha akafungua mdomo.

Alichosema siku hiyo hakuniambia. Sikumuuliza.